Kishindoni, Ambako Wawili Hawasemi Pamoja

Wasafiri walionitangulia wameandika kwamba Kishindoni ni nchi ya makelele. Nadhani hawakuvuka soko la kwanza. Nilikaa huko msimu mzima wa mvua, na ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba sijapata kuona watu wanaopiga kelele kwa utaratibu kiasi kile. Kila mtu hupaza sauti, lakini hupaza peke yake na kwa zamu, wenzake wakiwa wamefumba midomo na kumtazama kama watu wanaosubiri maji yachemke.

Sokoni, muuza nyanya hupanda juu ya kigoda na kunadi nyanya zake mpaka mishipa ya shingo imtoke, kisha hushusha kiganja kuonyesha kwamba amemaliza. Hapo ndipo muuza samaki huanza. Samaki wengi huharibika kabla ya zamu yao kufika. Majirani hugombana kwa mtindo huohuo, na lazima nikiri kwamba umepunguza ugomvi, kwa kuwa anayengoja zamu husahau tusi alilokuwa ameliandaa, akabaki kuomba kiberiti.

Sauti nchini humo hupimwa kwa mizani. Ni pembe pana iliyowambwa utando mwembamba wa ngozi, na nyuma yake upo mshale unaotembea juu ya ngazi iliyochorwa, kuanzia sifuri hadi mia na ishirini. Mshale hubaki pale ulipofika mpaka mpimaji aurudishe. Sifuri ni sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima laweza kuidaka. Mtu anayezungumza na jirani yake kwa utulivu hufika sitini. Mia na ishirini ni mahali ambapo sikio huanza kuuma. Hadi hapo sina ugomvi nao. Mizani yao ni nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuziona.

Ugomvi wangu ni wa hesabu. Aliyeasisi Idara ya Vipimo alikuwa amepima mahindi maisha yake yote, na alijua, bila kukosea hata siku moja, kwamba debe moja na debe moja ni madebe mawili. Alipokabidhiwa sauti aliipima kwa imani ileile. Sitini na sitini, akaandika, ni mia na ishirini. Kwa hiyo watu wawili wakizungumza pamoja kwa upole wataumiza masikio ya kila aliye karibu, watatu watang'oa paa, na ishirini wataufuta mji. Jedwali hilo lilipitishwa, likachongwa kwenye jiwe mbele ya kila ofisi ya wilaya, na tangu siku hiyo watu wawili kusema pamoja ni jinai.

Matokeo yake yameenea katika maisha yote. Mapacha hulelewa katika nyumba mbili mbalimbali mpaka wajue kupokezana kilio, na wengine husahauliwa huko. Mbwa ni mmoja kwa kila mtaa. Arusini, mwanamke mmoja hupiga kigelegele, wengine humngoja amalize, na shughuli huwa ndefu. Kuimba pamoja hakujulikani kabisa. Nilipomweleza mwenye nyumba wangu kwamba kwetu watu mia moja husimama na kuimba wimbo mmoja, aliuliza kwa huruma huwa wanabaki hai wangapi.

Kwa upande mwingine, tone moja la mvua limepimwa rasmi na kuonekana kuwa ni sifuri. Na kwa kuwa sifuri mara elfu ni sifuri, mvua nchini Kishindoni haina sauti kisheria. Nilihudhuria kesi moja chini ya paa la bati wakati wa mvua kubwa. Hakimu, mawakili na mshtakiwa walichezesha midomo muda mrefu, hukumu ikatolewa, na mshtakiwa akatoka bila kujua kama amefungwa au ameachiwa. Askari naye hakujua. Waliagana mlangoni kwa heshima.

Mpima Sauti wa Wilaya aliitwa Bwana Dadi, mtu mwadilifu aliyevaa kofia yake kwa usawa wa kutisha. Nilimtembelea ofisini nikiwa na nia njema.

"Bwana Dadi," nilimwambia, "ngazi hii haipandi kwa kujumlisha. Hupanda kwa kuzidisha. Kila vipandio kumi ni nguvu mara kumi. Ukiwa na sauti ya sitini na unataka sabini, unahitaji sauti kumi kama hiyo. Sauti mbili zitakupandisha vipandio vitatu tu."

"Vitatu." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeonjeshwa kitu. "Na aliyebuni ngazi ya namna hiyo alikuwa na kusudi gani? Kusumbua watu?"

"Alilifuata sikio. Sikio hudaka mbu na huvumilia radi. Ukimpa mbu unene wa ukucha kwenye rula ya kawaida, radi itahitaji rula ya kuizunguka dunia mara nyingi. Sikio halina nafasi ya rula hiyo. Linapopewa nguvu mara kumi, lenyewe huona kama sauti imekua maradufu tu."

"Maneno yako ni mazuri, ndugu mgeni. Umeyajaribu hapa kwetu?"

"Hapana."

"Basi."

"Na ninyi mmewahi kulijaribu jedwali?"

"Jedwali linasema anayejaribu hufa. Unataka nimtume nani?"

"Lakini lazima imewahi kutokea, kwa bahati mbaya, watu wawili wakasema pamoja."

"Hutokea."

"Na hakufa mtu."

"Basi mmoja wao hakusema," alijibu Bwana Dadi, akanimiminia kahawa.

Majibu ya aina hiyo nimeyapata katika nchi nyingine, kwenye majengo mazuri zaidi, tena bila kahawa.

Huenda ningeondoka Kishindoni nikiwa na hayo tu, kama nisingekuwa mpangaji wa Bi. Somoe. Mwanamke huyu alikuwa amemlea binti wa marehemu kaka yake, jina lake Mwatime, na Mwatime alitaka kuolewa na Shamte, mshona magodoro wa mtaa wa pili. Shamte naye alitaka. Wazee walitaka. Kilichobaki ni mizani.

Sheria ya nchi husema kwamba neno lolote linalomfunga mtu, yaani kiapo, ahadi, msamaha au ridhaa ya ndoa, lazima lifike sabini. Lisipofika, halikusemwa. Shamte alipoulizwa alijibu kwa themanini na nne, na mbuzi wa jirani wakakata kamba. Lakini Mwatime aliugua koo utotoni, na tangu hapo sauti yake hukaa sitini na haipandi. Ni sauti nzuri, safi, ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye. Alikuwa ameshajaribu mara mbili na kushindwa. Akishindwa mara ya tatu, sheria ingehesabu kwamba amemkataa Shamte, na aliyekataa haulizwi tena kuhusu mtu yuleyule, maisha.

Bi. Somoe alifanya kila alilolijua. Alimnywesha asali na tangawizi. Alimfundisha kupaza sauti ndani ya mtungi. Mtungi ulivuma, Mwatime hakuvuma. Mwishowe alimwendea Bwana Dadi mwenyewe, nami nikiwa nimemsindikiza.

"Isogeze pembe kidogo, Bwana Dadi. Kidogo tu, kama unavyomsogezea mgonjwa sahani."

"Nikiisogeza ibaki robo ya umbali, Bi. Somoe, mshale utapanda vipandio kumi na viwili."

"Ndivyo ninavyovitaka."

"Najua. Wamevitaka wengi. Ndiyo maana imefungwa kwa nati sakafuni, na mstari wa kusimama umechorwa kwa chokaa."

"Na moyo wako umefungwa kwa nini?"

Bwana Dadi aliinua mikono yote miwili. Alirekebisha kofia yake, ambayo haikuwa imekwenda upande.

Siku ya jaribio la tatu, ukumbi wa vipimo ulikuwa na wanawake wanane, bibi arusi akiwa mmoja wao, Shamte aliyekuwa ameshika nguzo, Bwana Dadi kwenye meza yake, na mimi niliyekuwa nimealikwa kama mtu wa nyumbani. Wanaume wengine na jamaa wa mbali walingoja uani. Utaratibu ni kwamba bibi arusi hupewa nafasi mpaka Mpima atakapoifunika pembe kwa kitambaa chekundu. Pembe ikishafunikwa, jambo limekwisha.

Mwatime alisimama kwenye mstari. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

"Nimeridhia," alisema.

Sitini.

"Nimeridhia."

Sitini. Bwana Dadi aliurudisha mshale, akachukua kitambaa. Nilimwona akikikunja, akikikunjua, kisha akikikunja tena, na nikaelewa kwamba kazi hii hakuwa anaipenda.

"Usiifunike," alisema Bi. Somoe.

"Kaa, Bi. Somoe."

"Sikai. Huyu nimemlea mimi. Kila mwenye masikio humu ndani amemsikia. Wewe umemsikia. Hata huyu mgeni wangu, mwenye uso kama duka lililofungwa, amemsikia."

"Nimemsikia. Mshale haukumsikia."

"Rudia, mwanangu."

Mwatime akarudia. Na Bi. Somoe, ambaye baadaye aliapa kwamba hakukusudia, akalisema pamoja naye.

Bwana Dadi alikwenda chini ya meza kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa cheo chake. Shamte aliikumbatia nguzo. Wanawake waliziba masikio na kufumba macho. Kisha kila mmoja akajikagua kama bado yupo. Paa lilikuwepo. Nilikwenda kwenye mizani.

"Sitini na tatu," nilisema.

"Soma tena," ilisema sauti kutoka chini ya meza.

"Sitini na tatu."

"Haiwezekani. Ni mia na ishirini."

"Njoo uisome mwenyewe."

Alitoka, akapangusa magoti, akausogelea mshale taratibu kama mtu anayemsogelea mbwa asiyemjua.

"Mmoja wenu hakusema," alisema hatimaye.

"Nani?" aliuliza Bi. Somoe. "Mimi?"

"Somoe asiseme?" Huyo alikuwa Bi. Chausiku, wifi yake. "Tangu lini? Aliposhikwa na uchungu wa kuzaa alikuwa anamwelekeza mkunga."

Mwanamke mmoja alicheka. Wa pili akacheka kabla wa kwanza hajamaliza. Walizibana midomo haraka, wakatazamana kwa hofu, na hofu hiyo ikawachekesha wa tatu na wa nne. Kicheko cha watu wanne kwa pamoja hakikuwa kimesikika katika ukumbi ule tangu ulipojengwa, na hakuna aliyejua namna ya kukisimamisha.

Bwana Dadi alingoja. Alikuwa bado anautazama mshale, na usoni alikuwa na huzuni ya mtu aliyeletewa habari mbaya kuhusu mjomba wake.

"Kazi yangu ni kupima," alisema. "Kama si mia na ishirini, basi sijui ni ngapi, na haifai nisijue. Rudieni. Lakini asizidishe mtu. Kila mmoja aseme kwa sauti ya bibi arusi, si zaidi, la sivyo itakuwa ndoa ya mwingine."

"Wangapi?" aliuliza Bi. Chausiku.

"Wanne," alisema Bwana Dadi, akashika ukingo wa meza.

Wanne walisema. Mshale ukasimama kwenye sitini na sita. Mlango ulifunguka kidogo, mtu wa uani akachungulia, akawaona wanawake wanne wamefungua vinywa kwa pamoja, akakimbia. Tulisikia miguu ya wengine ikimfuata kuelekea mashambani.

"Sasa wote," alisema Bwana Dadi, na safari hii hakushika meza.

Wanawake saba walijipanga kando ya Mwatime, mabega kwa mabega, kila mmoja akiishusha sauti yake ikae sawa na ya binti. Nilitambua kwamba walikuwa wanafanya jambo gumu: walikuwa wanasikilizana. "Nimeridhia," walisema.

Sitini na tisa.

"Mnapokuwa mara mbili, huongezeka vitatu," alisema Bwana Dadi kwa sauti ndogo, kwa nafsi yake. "Kila mara. Vitatu."

"Kimebaki kipandio kimoja," alisema Mwatime. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo yasiyokuwa ya kisheria. "Kimoja, Bwana Dadi."

"Na mimi nipo," alisema Shamte, akiiachia nguzo.

"Wewe huwezi kuridhia kuolewa na wewe mwenyewe. Rudi kwenye nguzo yako," alisema Bwana Dadi.

Uani hapakuwa na mtu. Bi. Somoe alitoka nje akaita, akarudi peke yake. Ukumbini walibaki wale wanane, bwana arusi asiyeruhusiwa, Mpima, na mimi.

"Wanane na wawili ni kumi," nilisema.

"Na kumi ni sabini," alisema Bwana Dadi. Hakuniuliza nimeipata wapi hesabu hiyo. Alivua kofia, akaiweka juu ya kitambaa chekundu. "Mgeni, una sauti?"

"Ya kawaida tu."

"Ndiyo inayotakiwa."

Tulisimama mwisho wa safu, yeye na mimi. Mwatime alivuta pumzi, nasi tukavuta. "Nimeridhia," tulisema, watu kumi, na sikioni mwangu ilikuwa kama mtu mmoja aliyeamua kusema maradufu ya alivyozoea, wala si zaidi. Hakuna chombo kilichotikisika. Kunguru aliyekuwa dirishani alibaki dirishani.

Bwana Dadi alikwenda kwenye mizani kwa mwendo wa kiofisi.

"Sabini," alisema.

Bi. Chausiku alipiga kigelegele. Kwa desturi ya nchi yake alipaswa kungojwa. Hakungojwa.

Walipotulia, Bwana Dadi alikuwa ameketi, na kofia yake ilikuwa kichwani tena.

"Kuna tatizo," alisema. "Watu kumi wameridhia kuolewa na Bwana Shamte kwa kipimo halali. Mmoja wao ni mimi."

Akakunja kidole cha pili.

"Mwingine ni mgeni huyu. Mwingine ni shangazi wa bibi arusi, ambaye ana mume."

"Mume wangu amejificha kwenye mihogo," alisema Bi. Somoe. "Tusimwongezee."

"Silifanyii mzaha jambo hili. Hakuna aliyefika sabini peke yake, hata Mwatime. Kwa hiyo ama tumeolewa sote, ama hakuna aliyeolewa. Sheria haina mlango wa tatu."

Nilitafakari hoja hiyo na sikuipata kasoro. Mwatime aliutazama mstari wa chokaa miguuni mwake. Wanawake waliokuwa wamemshika mikono hawakuiachia, lakini furaha ilikuwa imewatoka kama hewa inavyotoka kwenye mpira. Bwana Dadi alikitazama kitambaa, kisha akageuka kumtazama mtu ambaye, kwa mujibu wa kanuni, hakuwahi kuulizwa chochote katika hatua hii.

"Bwana Shamte. Umesikia nini?"

"Nimesikia 'nimeridhia'."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa Mwatime."

"Tumesema watu kumi."

Shamte alitutazama mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwemo, kama mtu anayekuta wageni sebuleni na hakumbuki kuwafungulia mlango.

"Kumi?" alisema. "Mimi nimemsikia Mwatime tu."

Bwana Dadi aliuvuta muhuri karibu. Nilikuwa tayari kumweleza kwamba sikio si mizani, kwamba hulichagua linalolitaka katikati ya sauti nyingi, na kwamba jambo hilo limechunguzwa na watu makini. Hakunihitaji.

"Mizani imesikia kumi," alisema, "na mwenye kujibiwa amesikia mmoja. Nitamfuata yeye, maana ndiye atakayekwenda kuishi nalo." Akagonga muhuri. "Wameoana. Sisi wengine tumeachika."

Waliokuwa wamekimbilia mashambani walirudi mmoja mmoja, wakikanyaga kwa tahadhari, kwa kuwa walikuwa wamesikia vigelegele vya pamoja na walitarajia kuzika. Walipokuta ukumbi mzima na bibi arusi anacheka, walitaka kuelezwa, na kila mtu akawaeleza kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeelewa neno, na nilikuwa bado sijawaona wakifurahia maelezo kiasi kile. Mume wa Bi. Somoe, akiwa na majani ya mihogo kwenye nywele, aliuliza kama sasa inaruhusiwa. Mkewe alimwambia ajaribu. Akaimba. Mwingine akaingia kabla hajamaliza ubeti, akitazama juu, na paa lilipobaki mahali pake wakaingia wote.

Kila mmoja aliimba wimbo wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufundishwa kwamba watu wakiimba pamoja wimbo huwa mmoja. Mapacha wawili watu wazima, waliokutanishwa kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, walishikana mikono na kuimba nyimbo mbili zisizohusiana hata kidogo. Bi. Somoe alimpazia sauti Bwana Dadi kutoka upande wa pili wa ukumbi, akitaka kujua mshale umefika wapi. Bwana Dadi alitikisa mkono kuonyesha kwamba hawezi kujibu. Alikuwa katikati ya ubeti.

Katika safari zangu nimesikiliza kwaya nyingi, baadhi katika kumbi zenye mapazia ya mahameli. Hii ilikuwa mbaya kuliko zote. Sikuondoka mpaka ilipokwisha.